Mguno wa Nyumbani

9 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na kwamba dereva wa lori la gesi hakuikalia njiani kama alivyoikalia ile ya Mama. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu na anasema bado anaokota soksi zako kila anapofagia, moja moja, hakuna jozi. Anauliza huko kwenye ujenzi wa daraja unavaa za nani.

Kaka naye hajambo. Amezidi kurefuka, au mlango umeshuka, maana jana alijigonga tena kichwa, na Mama akakagua mlango kwanza. Matokeo yangu ya mtihani hayajatoka. Kila mteja anayeleta nguo ya kushonwa ananiuliza kama yametoka, namjibu bado, halafu natamani kuingia chini ya cherehani.

Sasa habari za uwanja wa kikapu. Najua ndizo unazosubiri, na pengine umeanza kusoma huku chini kabla ya salamu.

Nimefanya ulivyoniagiza siku ile unaondoka. Kiti chako cha chuma kipo pale pale mbele ya jukwaa, na mnyororo wake, na hakuna aliyethubutu kukikalia. Kabla ya mchezo nilikifuta vumbi, nikakikalia kidogo ili watu waone kina mwenyewe. Watu wakaona. Nikainuka, nikaenda kwenye kazi yangu nyuma ya ubao wa pointi. Zile namba za bati ulizotukatia bado nzuri. Ubao unanificha mwili wote, vinaonekana viatu vyangu tu kwa chini, na sasa wengi uwanjani wananiita Viatu. Sijakasirika. Ni afadhali kuliko kuitwa jina langu kwa sauti.

Tumeshinda, Mjomba. Nyumbani! Kocha alikaa chini sakafuni akasema hakumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Kuhusu ule wito wa "Nyumba ya nani?" ulioniachia niuanzishe, nitakuandikia vizuri siku nyingine, maana dereva anapiga honi hapa nje.

Mpwa wako akupendaye


27 Februari

Mpwa wangu, kipenzi cha mjomba,

Marahaba, tena marahaba mara mbili, ya pili ni ya ushindi! Mwambie dada soksi zote ni zangu, asitupe hata moja, nikirudi nitazioanisha mwenyewe.

Mimi mzima kabisa. Daraja limefika katikati ya mto, limesimama hapo linatazama ng'ambo bila kusema kitu, kama wewe mbele ya wageni. Nilipofika kwenye neno "tumeshinda" niliruka nikaangusha mtungi mtupu wa gesi. Watu walidhani umelipuka, wakakimbilia mtoni. Nikawaambia rudini, jamani, ni mpira wa kikapu tu.

Mmeona sasa? Miaka yote kocha ananiomba nipunguze sauti. Leo sipo, na bado sauti yangu inashinda mechi! Ni kwa sababu nimeacha mtu. Wengi walidhani kiti nitamwachia kinyozi, kwa kuwa ana koo. Nikasema hapana, koo bila utaratibu ni kelele tu. Nitamwachia mtoto wa dada yangu, ana akili, koo litakuja.

Utaratibu usiusahau. Mchezo ukianza unasimama, unauliza, "Nyumba ya nani?" Wanajibu, "Yetu!" Kaka yako Mlingoti akienda kwenye mstari kutupa mitupo huru, unawanyamazisha wote kwanza, halafu unamkumbusha: "Kiwiko!" Jukwaa zima linarudia: "Kiwiko!" Kisha "Goti!" Kisha "Usiharakishe!" Ndipo anatupa. Akikosa ina maana hakusikia, kwa hiyo mtupo wa pili mnaongeza sauti.

Huku hakuna kikapu. Kuna mpira wa miguu kila Jumapili, sisi wachomeleaji dhidi ya watu wa zege. Nilianza kuwashangilia wenzangu kwa moyo wote. Baada ya mechi mbili wachezaji wa pande zote walinijia pamoja, wakaniomba niwe nalinda nguo zao kule nyuma ya ghala. Ni kazi ya kuaminiwa, hawampi kila mtu.

Niandikie kila kitu. Usinifiche.

Mjomba wako, sauti ya nyumba


23 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Lori lilikuja likaondoka nikiwa bado natafuta pa kuanzia.

Mama ameshona jezi mpya za timu. Ya Kaka ilibidi aunge vitambaa viwili. Anasema kama angejua mapema angemshona pamoja na mapazia. Matokeo bado.

Tumeshinda tena nyumbani mara mbili. Ya kwanza kwa taabu, ya pili kwa raha.

Ulisema nisikufiche, basi sikufichi. Ule wito niliujaribu siku ya kwanza. Nilisimama karibu na kiti chako, nikavuta pumzi, nikasema, "Nyumba ya nani?" Kumbe nimesema kama mtu anayebisha hodi. Kinyozi peke yake ndiye aliyesikia. Akainama akaniuliza kwa upole, "Unaulizia nyumba gani, binti?" Nikamwambia basi, nimeshaiona. Nikaenda nyuma ya ubao.

Sijajaribu tena. Lakini kuna jambo limetokea ambalo sikulitegemea. Jukwaa zima linajua umeniachia kazi, kwa hiyo linanisubiri. Kaka akienda kwenye mstari wanatazama viatu vyangu, wanasubiri nianze. Mimi sianzi. Basi na wao hawaanzi. Kunakuwa kimya kabisa, Mjomba, mpaka unasikia mpira ukipumua akiudunda. Na Kaka anatupa, na mpira unaingia.

Nimefikiri sana. Unajua kwenye ubao kuna tundu la msumari, ndiko ninakochungulia. Msimu uliopita nilikuwa nasikia watu wakiguna, "Aaaah," halafu chuma cha kikapu kinalia, na mpira unakosa. Nilidhani wanaguna kwa sababu wameona unakosa. Siku moja nikachungulia vizuri. Mguno ulitoka mpira ungali mkononi mwa Kaka. Alikuwa hajanyoosha hata kidole. Jukwaa lilikuwa limeshasikitika, na yeye akatupa kwa kuwa hakuwa na jinsi.

Sijui mguno ule ulikuwa ukianzia kwa nani. Jukwaa ni kubwa.

Mpwa wako akupendaye


14 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Dada nimemsikia. Mwambie hayo ya mapazia hayajachekesha, ila nimecheka.

Jukwaa si kubwa. Lina safu nne, nililichomelea mimi.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, mara nyingine kwa sauti, na wenzangu wamenisikia. Kimya? Kimya uwanjani? Uwanja umekuwa zahanati? Watu wametoka majumbani kwao, wameacha shughuli zao, waje kuangalia mpira ukipumua? Wageni wanaingia wanakuta nyumba imenyamaza kama wenyewe wamehama! Mimi naijua hiyo bahati ya mechi mbili tatu. Itaisha, halafu mtaanza kuniuliza niko wapi.

Sasa nisikilize. Baba yenu alipofariki, Mlingoti alikuwa ananifika kiunoni, huwezi kuamini leo. Mechi yake ya kwanza ya shule nilikwenda na nguo za kazi. Kila mtoto alikuwa na mtu wa kumwita. Yeye alikuwa anatazama watu, anatazama watu, hajui atazame wapi. Nikapaza sauti nikamwita mpaka mwalimu akaja kuniuliza kama kuna moto. Mtoto akaniona, akacheka, akatupa huku anacheka, ikaingia. Tangu siku hiyo sijanyamaza, na sinyamazi. Mtoto lazima asikie kwamba mtu wake amefika.

Kwa hiyo nakuja. Mechi ya mwisho ya msimu nitakuwa kwenye kiti changu. Nimeomba ruhusa kwa msimamizi, akakubali kabla sijamaliza sentensi, akauliza kama sitaki na wiki ya pili. Wananijali sana hapa. Nimetengeneza na honi, ya bomba la chuma, mdomo wake mpana kama beseni. Niliijaribu juzi jioni na mpaka leo kuna mbwa hajarudi.

Waambie wajiandae.

Mjomba wako, sauti ya nyumba


6 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo wote. Mama hajambo. Cherehani nayo haijambo, ilikuwa inakata uzi lakini sasa haikati. Jirani amepaka rangi ukuta wake. Matokeo bado.

Tulifungwa mechi mbili za ugenini, lakini nyumbani hatujafungwa. Sasa hesabu iko hivi: tukishinda ya mwisho tunabaki daraja letu la ligi, tukishindwa tunashuka. Ya mwisho ni nyumbani.

Kuhusu safari yako, nimefikiri kwamba njia ni mbovu wakati huu. Mvua pia. Halafu chumba unacholala Mama anataka kukipanga upya, hatujui kitakuwa kimepangwaje. Kiti chako nacho nilitaka kukipaka rangi, na rangi ya chuma huchelewa kukauka. Tena honi hiyo ni nzito kwa mtu mmoja kusafiri nayo.

Kocha aliniita juzi. Wachezaji wote walikuwepo. Tuliongea mambo ya uwanja. Kaka alikuwa anafunga kamba za viatu vyake. Alizifunga muda mrefu.

Basi ni hayo tu. Daraja limefika wapi?

Mpwa wako


19 Mei

Mpwa,

Marahaba.

Daraja limefika ng'ambo.

Dereva alikuja jana. Alikula chakula changu chote, na huku anatafuna akaniambia, kwa jina walilonipa huku, "Honi, pole bwana, nimesikia timu yako imekataa usiende." Nikamuuliza nani kasema. Akasema kasikia kwa kinyozi, akinyolewa, na kinyozi kasikia kwa kocha, naye akinyolewa. Kwamba binti wa dada yangu ndiye aliyepewa kazi ya kuniandikia. Nikamwambia mpwa wangu ameniandikia habari za mvua na rangi. Akacheka mpaka akapaliwa. Sikumpiga mgongoni.

Sitakuja. Kazi ni nyingi huku. Msimamizi amesikitika sana kusikia ninabaki.

Kiti mpeni kinyozi.

Mjomba


2 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Leo habari za nyumbani nazikatisha, maana nikianza na jirani na ukuta wake sitafika.

Nilitakiwa kukuambia nikashindwa. Nikaandika habari za mvua. Hata mvua yenyewe haikunyesha.

Ni kweli kocha aliniomba. Ni kweli na wachezaji walikubali, isipokuwa Kaka ambaye hakukubali wala kukataa, alikuwa na zile kamba zake. Na ile niliyokuandikia kwamba sijui mguno unaanzia kwa nani, najua. Viatu vyangu vinaonekana na watu wote, lakini na mimi naona watu wote. Unaanza wewe, Mjomba. Unaweka mikono kichwani, unafumba macho, unasema "Aaaah" kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, na safu zote nne zinafuata. Sidhani kama unajua. Nadhani unaogopa kwa niaba yake, na hofu yako ina sauti kubwa kama vitu vyako vingine.

Baada ya barua yako nilimuuliza Kaka. Alikuwa anakula, amekunja miguu yake kila mahali. Nikamwambia, "Ugenini wanakuzomea, wanakupigia miluzi, na unafunga. Nyumbani wanakupenda, na Mjomba alipokuwepo ulikuwa unakosa. Kwa nini?"

Akasema, "Wale wa ugenini wakinizomea nafurahi. Wanaogopa nitafunga."

"Na nyumbani?"

Akatafuna kwanza. "Mjomba akiguna najua nitakosa. Mjomba hajawahi kunidanganya."

Ni hivyo tu. Halafu akaomba aongezewe chakula.

Kwa hiyo si kwamba sauti yako haimfikii. Inamfikia kuliko zote, na anaiamini. Ukiguna, mkono wake unatii.

Nakuomba uje. Si kocha anayeomba, ni mimi. Honi iache kama unaweza. Kaa kwenye kiti chako, na ukihisi mguno unakuja uumeze. Mimi humeza maneno kila siku, na nimekua vizuri tu. Kinyozi hatumpi kiti. Ufunguo wa mnyororo nimeuficha kwenye kopo la vifungo vya Mama.

Barua hii nampa dereva leo leo, na nimemwambia asiombe chakula, nawe usimpe mpaka umeisoma.

Mpwa wako akupendaye


23 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Hujanijibu, kwa hiyo nachukulia kwamba kazi ilikuwa nyingi na hukuweza kuja. Basi nakuhadithia mechi, kwa kuwa hukuwepo.

Watu walijaa mpaka wengine wakakaa kwenye ngazi. Kiti chako kilibaki kitupu, nilikifuta vumbi. Kinyozi alifunga kibanda chake mapema, akaja na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja, maana wote wawili hawakutaka kukosa mwanzo.

Watu sasa wamejua habari ya mguno. Kila mtu anamlinda mwenzake. Kaka akienda kwenye mstari unaona watu wanajiziba midomo kwa mikono, kwa kofia, na mama mmoja alimziba mumewe badala ya kujiziba mwenyewe. Kwa muda mrefu ilifaa. Lakini mchezo ulipokuwa unaisha tulikuwa sawa, hamsini na sita kwa hamsini na sita, na refa akampa Kaka mitupo miwili huru, na muda ukawa umebaki kidogo kabisa.

Kulikuwa na kimya cha namna nyingine. Kile cha mwanzo kilikuwa cha watu wanaosubiri. Hiki kilikuwa cha watu waliozuia pumzi, na Kaka alikisikia. Alitazama jukwaa, akatazama jukwaa, hajui atazame wapi. Akatupa. Ikagonga chuma, ikatoka. Hakuna aliyeguna, Mjomba, hata mmoja, na ilikuwa mbaya kuliko kuguna. Ilikuwa kama wote wamekufa kwa ajili yake.

Hapo nikakumbuka barua yako ya nguo za kazi.

Unajua jukwaa liko upande mmoja tu, na ukuta wa barabarani uko nyuma yake, na ubao wangu umelitazama. Nilipochungulia kwenye tundu niliona kitu juu ya ukuta ambacho watu wa jukwaani hawakuweza kukiona, kwa kuwa walikuwa wamekipa mgongo. Nyuma ya ukuta lilikuwa limeegeshwa lori la gesi. Juu ya lori, katikati ya mitungi, alikuwa amesimama mtu. Alikuwa amevaa ile ngao ya uso ya kuchomelea, yenye kioo cheusi, ameishusha mpaka kidevuni. Sijui mtu wa namna hiyo anaonaje mpira. Kifuani alikuwa amekumbatia bomba la chuma lenye mdomo mpana kama beseni, amelibana kama mtoto ili asilie. Hakulipuliza. Mkono mmoja alikuwa ameuingiza chini ya ngao, mpaka mdomoni, na mwili wote ameukaza.

Nikafikiri, kama huyu asiyejulikana anaweza kujitahidi namna hiyo, mimi ninaweza nini?

Nikatoka nyuma ya ubao. Watu waliona viatu vinatembea, halafu wakaona vina mtu. Nikasimama mbele ya kiti chako, nikavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, nikaita, "Nyumba ya nani?"

Ilitoka kama mlango usiotiwa mafuta. Lakini ilitoka yote.

Hakuna aliyejibu, maana walikuwa bado wamejiziba. Ndipo kinyozi akatoa kofia mdomoni, akasema, "Unaulizia nyumba gani, binti?"

Jukwaa lilipasuka kwa kicheko. Walicheka mpaka mteja wa kinyozi akateleza kwenye ngazi. Refa aligeuka ili tusimwone akicheka. Na Kaka pale kwenye mstari alicheka mpaka mpira ukamponyoka, akauokota, akatupa huku bado anacheka, na ukaingia bila kugusa chuma. Ndipo wakajibu wote, "Yetu!" wamechelewa, lakini kwa nguvu.

Kulikuwa na fujo kidogo filimbi ya mwisho ilipolia. Nilikimbia kurudi ubaoni kubandika pointi yetu, nikagonga namba za wageni zikaanguka, nikazirudisha haraka, na sita nikaiweka kichwa chini. Ikasomeka sisi hamsini na saba, wao hamsini na tisa. Wageni wakaanza kukumbatiana. Watu wetu wakaweka mikono kichwani. Nami kwa nyuma nilikuwa sielewi wanalia nini. Nikachungulia, nikamwona yule mtu wa lori anazungusha mkono hewani, anazungusha, kama anafungua koki ya mtungi mkubwa. Ndipo nikaelewa, nikaigeuza sita. Kwa hiyo tumebaki daraja letu, na kuna mgeni mmoja bado amekasirika na mimi binafsi.

Nilipotoka nje lori lilikuwa linaondoka. Dereva nilimpata leo, nikamuuliza alikuwa amembeba nani. Akaapa kwamba alilala ndani ya lori mechi nzima, tangu mwanzo mpaka mwisho, hakuona mchezo wala mtu, na kwamba mitungi ikigongana akiwa usingizini huwa hasikii. Nilimuuliza Kaka kama aliona kitu juu ya ukuta. Akainama akafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Mama anasema usiku ule alikuta soksi zako zote zimetolewa kwenye kapu na kuoanishwa, zimepangwa juu ya cherehani. Anauliza kama tuna mwizi au nini.

Matokeo yametoka. Nimefaulu vizuri.

Chini ya ukuta, pale lori lilipokuwa, nimeokota glavu ya kuchomelea, ya ngozi, ya mkono wa kulia. Sijui ni ya nani, lakini kwa kuwa huko kwenu wachomeleaji ni wengi, nakutumia uulize. Utaona ina alama za meno. Zimeingia sana, upande wa kidole gumba zimetoboa kabisa, na hapo nimepashona kwa cherehani ya Mama. Ukimpata mwenyewe mwambie nimeziona, na kwamba nashukuru.

Mpwa wako akupendaye


8 Julai

Mpwa wangu, kipenzi cha mjomba,

Marahaba! Kufaulu kwako nimekutangaza darajani, juu kabisa, katikati. Msimamizi amenipa ruhusa tena bila mimi kuomba. Mwambie dada hana mwizi, ni bahati tu, na azifunge hizo soksi vizuri zisitengane tena.

Habari ya mechi nimeifurahia sana, hasa kwa kuwa sikuwepo. Nilikuwa huku nafanya kazi, wengi wanaweza kushuhudia, isipokuwa siku hiyo wengi hawakuwepo.

Glavu imefika. Nimeuliza kambi nzima, hakuna mwenyewe. Si yangu. Nimeijaribu tu kwa ajili ya kuhakikisha, na imenienea, na ulipopashona hapaumizi. Nitakaa nayo mpaka mwenyewe ajitokeze. Nimeijaribu na kwa meno vilevile, nayo yameingia kwenye alama sawasawa. Meno ya wachomeleaji yanafanana.

Ile honi nimeikata. Nimeifanya miguu ya kiti. Kinakuja na lori, ni kidogo kuliko changu, kiweke ubavuni mwa kile, ufunge mnyororo mmoja kwa vyote viwili. Msimu ujao usikae tena nyuma ya bati, namba atabandika kinyozi, yeye ana mikono mizuri. Mimi nitakaa kimya, na nikishindwa unikanyage mguu.

Mwambie Mlingoti mtupo wa mwisho ulikuwa mzuri, ila kiwiko kilikuwa chini kidogo. Na wewe, sauti yako ilivuka jukwaa lote ikafika mpaka nje ya ukuta, kila neno. Nimeambiwa na dereva.

Mjomba wako